Chupa Niliyoiandika "Dawa"

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenirefushia umri mpaka nikaweza kuyatazama ya ujana wangu bila kuyakimbia, na ambaye huwafunika waja wake kwa sitara pana kuliko wanavyostahiki. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na kila aliyefuata njia yao kwa wema. Baada ya hayo, nasimulia.

Tulikaa Ziwani, kwenye zile nyumba za kanjo, yaani za baraza la mji, zilizopangwa mistari, bomba la maji katikati na kamba za nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo. Asubuhi na alasiri alisomesha watoto Kurani, na katikati ya vipindi watu walimjia awaandikie kombe. Kwa asiyejua, kombe ni aya za Kurani zinazoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, kisha zikaoshwa kwa maji na marashi, na mgonjwa akayanywa maji yale na kujipangusa. Najua leo wako wanaojadili jambo hili, na kila mmoja ana hoja zake. Siandiki ili kubishana nao. Naandika kwa sababu watu walimwamini baba yangu, wakaweka vinywani mwao kile alichowapa bila kuuliza, na mimi kidogo nimpotezee imani hiyo.

Siku hizo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilikuwa karani wa ghala huko Eneo la Viwanda. Mwisho wa juma nilipiga picha: arusi, Idi, watoto waliohitimu Kurani, jirani aliyenunua kochi jipya. Picha nyeusi na nyeupe watu walikuwa wamezichoka. Mwenye leso ya manjano alitaka manjano yake yaonekane. Lakini ukipeleka filamu ya rangi mjini, ilikaa huko mpaka bi arusi anaanza kuvaa nguo pana. Ndipo nikajifunza kusafisha filamu ya rangi mwenyewe, chumbani mwetu, kwa pakiti za unga ambazo unazikoroga katika maji moto.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, ila ilitaka adabu. Dawa ya kwanza, ile inayoitoa picha, haifanyi kazi sawasawa mpaka iwe na joto la mwili wa mtu mwenye homa ndogo. Sikuwa na kipimajoto cha kazi ile, nikawa naazima kile cha homa cha mama. Niliweka karai la maji juu ya jiko, chupa ndani ya karai, kipimajoto ndani ya chupa, nikasubiri. Filamu niliiingiza kwenye tangi lake chini ya blanketi mbili, ili mwanga usiipate, huku jasho likinitiririka.

Mama akipita aliuliza, "Huyo aliye humo ndani anaumwa ama anaswali?"

"Nasafisha picha, mama."

"Unasafisha nini, na vidole vyako vinatoka vyeusi kuliko vilivyoingia?"

Kuhifadhi ndiko kulikonisumbua. Dawa ile ikishakorogwa haipendi hewa, haipendi mwanga, haipendi joto. Chupa lazima ijae mpaka shingoni na kizibo kikazwe, la sivyo inageuka rangi ya chai, na filamu utakayoitia humo itatoka kama imepakwa matope. Nilitumia chupa za kahawia, zile za dawa ya kifua, nikaziweka chini ya kitanda changu. Juu yake niliandika kwa herufi za skuli, A na B na C.

Siku moja mama, akifagia, alikuta mojawapo na kuitoa nje aisuuze. Alikuwa na safu yake ya chupa safi, alizozikusanya na kuziosha kwa ajili ya makombe ya baba, na aliona hii nayo ingefaa. Nilimkuta bombani kizibo tayari kiko mkononi.

"Mama! Usiguse hiyo!"

"Sasa mimi nitajuaje?" akasema, naye amekasirika kweli. "Mmeyaandika maandishi yenu ya skuli. Nitajuaje kama ni siki au ni sumu?"

Maneno yake yalinichoma. Mama alisoma Kurani vizuri, na barua za Kiswahili kutoka kwa dada yake Mombasa zilikuja kwa herufi za Kiarabu, akazisoma mwenyewe bila kumsumbua mtu. Herufi za skuli hakuwahi kufundishwa. Nilijiona nimemtendea kama mgeni nyumbani kwake.

Basi nikaamua kutengeneza mambo. Chini ya kitanda kulikuwa na joto, jiko likiwa karibu. Nikahamishia chupa zangu kwenye kabati la mbao la baba, rafu ya chini, mahali penye giza na ubaridi. Chupa moja ya kahawia ilikuwa imekatika mdomo, kwa hiyo dawa ya kwanza niliyoikoroga juma lile niliitia katika chupa nyeupe, moja ya zile alizoziosha mama. Nikaona hakuna neno, maadamu kabatini hamuingii mwanga. Ikajaa mpaka shingoni, maji ya manjano yenye wekundu wa mbali.

Kisha nikachukua kalamu ya tete, ile ile ambayo baba alinifundishia kuandika, nikakata karatasi, na kwa herufi za Kiarabu, ili mama asome na aelewe na asiguse, nikaandika neno moja. Wapiga picha wote niliowajua waliyaita maji yale kwa jina hilo hilo. Dawa ya kwanza, dawa ya pili. Umebakiwa na dawa? Dawa yako imechoka. Nikaandika "Dawa", nikaibandika kwa uji wa unga, na nikasimama kuitazama kwa sababu ilikuwa imetoka vizuri. Mwandiko wangu ulikuwa mwandiko wa baba. Angeuona mtu asingetofautisha.

Jumamosi iliyofuata baba alikwenda mazikoni upande wa pili wa mji. Kabla ya kutoka alimwagiza mama: akija binti wa yule mama wa mahamri, apewe chupa ya mamake, iko kabatini, imeshakamilika. Mama wa mahamri alikuwa mjane wa mstari wa pili, aliyekaanga mahamri na mbaazi kila alfajiri na kutulisha sote. Kwa siku kadhaa homa ilikuwa imemlaza, na mstari mzima ulikuwa unakunywa chai kavu na kulalamika.

Mimi nilirudi kutoka kazini adhuhuri imepita, filamu ya arusi mkobani. Vijana waliokaa langoni walinipigia kelele kama kawaida yao.

"Sasa, dakitari wa picha! Leo unapasua nani?"

Nikacheka, nikaingia, nikawasha jiko, nikafungua kabati. Chupa yangu haikuwepo. Nyuma kidogo, pembeni, ilisimama chupa nyingine kama hiyo, bila karatasi, na ndani yake zafarani imetulia chini kama vumbi jekundu.

"Mama, chupa yangu iko wapi?"

"Chupa gani?"

"Iliyoandikwa dawa."

Mama alikuwa anachambua mchele. Mikono ikasimama. "Si ya babako hiyo? Nimeona mwandiko wake. Nikasema leo Mwalimu ameanza kuziandika, wagonjwa wamekuwa wengi. Nimempa binti."

Nilitoka mbio nikaacha viatu mlangoni.

Chumba cha mama wa mahamri kilikuwa kimejaa wanawake waliokuja kumtazama. Yeye alikuwa ameketi kitandani, chupa yangu magotini, na anajipangusa mikono kwa maji yale, taratibu, huku akitaja jina la Mungu. Uso alikwisha kuupangusa.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Mwambie Mwalimu leo ameandika kali. Nimepiga funda moja ulimi umekufa ganzi, nikatema. Nimetema maneno ya Mungu, mwanangu! Nimeomba msamaha hapa mpaka basi. Sasa nataka nijaribu tena, nimeze kwa nguvu."

Na akainua chupa.

Nikamshika mkono. Mpaka leo naweza kuuhisi mkono ule, mwembamba, una moto wa homa, na unateleza kwa dawa yangu. Alikuwa anajilaumu. Alidhani kosa ni lake, kwamba imani yake ndogo ndiyo iliyomshinda kumeza. Na mimi niliyejua, niliyekuwa na neno moja tu la kusema, nilisema hivi:

"Usinywe, mama. Hii imeharibika."

Mwanamke mmoja akageuka. "Maneno ya Mungu yanaharibika?"

"Zafarani," nikasema. "Zafarani ndiyo iliyoharibika."

Wakatazamana. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, ya huruma, kwamba Mwalimu sasa ni mzee, macho yamepungua, hana wa kumsaidia. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Na mimi nikasimama pale nikawaacha waitikie.

Aliyenitoa hapo ni jirani yetu fundi cherehani, Mkristo kutoka upande wa Murang'a, ambaye alikuwa amekaa karibu na mlango na shughuli yake ya kushona vifungo. Aliinuka, akachukua chupa, akanusa.

"Wewe kijana," akasema. "Hii naijua. Nguo zangu zinanuka hivi kila ukianika picha zako kwenye kamba yetu. Hii si dawa yako ya picha?"

Wanawake wakanigeukia, na fundi akanisogezea chupa puani.

"Jibu! Mama huyu ameipaka usoni!"

"Ni yangu," nikasema.

Hakungoja zaidi. Yeye na binti walimwinua mama wa mahamri, mmoja huku mmoja kule, wakampeleka bombani, wakamwosha uso na mikono na kinywa kwa maji mengi, watoto wakizunguka kutazama. Ngozi ya mikono ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Mimi nilisimama na taulo mkononi, sina wa kunipokea.

Tulikwenda kliniki pamoja. Muuguzi aliuliza amepaka nini. Binti akanitazama.

"Dawa," nikasema.

"Dawa ya nini?"

"Ya picha."

"Picha za hospitali? Za mifupa?"

"Hapana. Za arusi."

Muuguzi akaweka kalamu chini. Akanitazama, akamtazama mama wa mahamri, kisha akauliza polepole, kama anayeongea na mtoto, ni nani aliyemwambia mgonjwa kwamba hiyo ni dawa. Nikamwambia ni mimi niliyeiandika. Hakunitukana. Alitikisa kichwa tu, akaendelea na kazi yake, akamwosha tena, akampaka mafuta, akampa na vidonge vya homa, akatwambia tumrudishe upesi akizidiwa. Mungu ni mwema: hakuzidiwa. Ngozi ya mikono iliwasha kwa siku nyingi, ikaota vipele, ikachubuka, kisha ikapona. Homa nayo ikaondoka.

Lakini maneno hayakuondoka. Baba alipotoka mazikoni alikutana nayo kabla hajafika mlangoni: kombe la Mwalimu limemchoma mtu. Aliingia, akavua kofia, akaketi. Nikamweleza yote. Akaniomba nimletee karatasi. Nilikuwa nimeibandua, nikampa. Aliisogeza karibu na macho, akalisoma lile neno moja kwa muda mrefu kuliko linavyohitaji.

"Umeandika vizuri," akasema.

Hakusema kwa kejeli. Baba hakujua kejeli. Alikuwa mwalimu anayetazama kazi ya mwanafunzi wake, na ilikuwa nzuri. Ningependa kupigwa kuliko kusikia hivyo.

"Kwa nini dawa?"

"Ndivyo tunavyoiita, baba."

"Na mimi ndivyo ninavyoiita yangu," akasema, kisha akainuka kutawadha.

Nilidhani nikieleza watu ukweli mambo yatakwisha. Nikaanza kueleza. Langoni, bombani, msikitini baada ya sala, nilimshika kila niliyeweza nikamwambia: kombe la baba lilibaki kabatini zima, chupa ilikuwa yangu, ni mimi. Walinisikiliza vizuri. Halafu wakanisifu. "Mungu akubariki," mzee mmoja aliniambia, akinipigapiga bega. "Mtoto mwema humsitiri babake." Kwa maana wale wanawake walikuwa wamenisikia kwa masikio yao nikisema zafarani imeharibika, na hilo lilikuwa limeshatangulia, limekaa, limeaminika. Ukweli wangu ulipofika ulionekana ni uongo wa mtoto mwenye adabu. Kadiri nilivyosema ndivyo nilivyosifiwa, na kadiri nilivyosifiwa ndivyo baba alivyozidi kuonekana amezeeka.

Watu wakaacha kuja. Hawakuja kumtukana wala hawakutoa watoto wao chuoni. Walimsalimia kwa heshima kuliko hata zamani, kama anavyosalimiwa mtu aliyefiwa. Lakini mwenye mgonjwa alimpeleka Pumwani kwa mwalimu mwingine. Mama aliendelea kukusanya chupa na kuziosha na kuzipanga, na safu ikawa ndefu, ikageuka kona. Jioni baba alikuwa anachukua sahani yake nyeupe, anaipangusa kwa kitambaa, anairudisha mahali pake.

Chupa zangu nilizitoa kabatini siku ile ile ya kliniki. Nilipata sanduku la bati lenye kufuli, nikalitia chini ya meza yangu ya ghala huko kazini, na kwa muda mrefu sikusafisha filamu hata moja. Ya ile arusi niliipeleka mjini, ikakaa huko kama zinavyokaa.

Ijumaa moja, baada ya alasiri, wanawake wako bombani na ndoo zao, mama wa mahamri alikuja. Ngozi mpya ya mikono yake ilikuwa bado inang'aa kidogo. Hakuingia ndani. Alisimama nje ya mlango wetu, mahali ambapo mstari mzima unaweza kumwona, akapiga hodi kwa sauti ya mwenye kuuza.

"Mwalimu! Nimekuja kuchukua kombe langu. Sikupata."

Baba akatoka. "Umepona, mama," akasema. "Kombe la nini tena?"

"La kushukuru. Kwani kushukuru hakuandikwi?"

Baba alitabasamu, mara ya kwanza tangu siku ile. Akaleta mkeka, akaleta sahani na kikombe cha zafarani na kalamu. Akaketi pale nje akaandika, bila haraka, herufi baada ya herufi, na wale wa bombani wakaacha ndoo zifurike. Fundi cherehani alitoka na sindano yake mdomoni kutazama. Baba akamimina maji, akaizungusha sahani mpaka maandishi yakayeyuka yote yakawa rangi moja. Kisha akashika sahani ile kwa mikono miwili na hakumpa.

"Mama," akasema, "ukiwa na shaka, sema. Mimi sitachukia. Tutayamwaga mahali safi na mambo yatakuwa yamekwisha."

"Lete, Mwalimu, mikono yako itachoka."

Akaipokea, akataja jina la Mungu, akanywa. Hakunywa kwa kuonja. Aliinamisha sahani mpaka ikamfunika uso, akanywa hadi tone la mwisho, na lililobaki akalikusanya kwa kiganja akajipangusa mashavu na mikono, pale pale palipochubuka. Akalamba midomo.

"Ndiyo," akasema kwa sauti, akiwageukia wa bombani. "Ladha ya kombe la Mwalimu ni hii. Naijua tangu mume wangu yu hai. Ile nyingine ilikuwa ya huyu," akaninyooshea kidole, "na huyu mniache naye. Kijana mzima hajui hata kukoroga maji!"

Bomba lote likaangua kicheko. Fundi cherehani alitoa sindano mdomoni asije akaimeza. Baba alicheka mpaka akajipangusa macho kwa ncha ya kanzu. Mimi nilitazama chini. Masikio yaliniwaka, na nilitaka yaendelee kuwaka, maana kila aliyenicheka alikuwa ameacha kumhurumia baba.

Siku ya pili yake, kabla ya chuo kuanza, alikuja mwanamume wa mstari wa mwisho na mtoto mgonjwa begani. Baba akaomba sahani. Tangu hapo hakutia tena kombe lake katika chupa. Aliyetaka alikuja akanywa mbele yake, na mama alizigawa chupa zake kwa waliouza mafuta ya taa. Baba aliishi miaka mingi baadaye, na hakuna siku aliyonikumbusha. Wengine walinikumbusha, kwa mzaha, hadi kwenye arusi yangu mwenyewe. Nilijifunza kuupokea mzaha ule kwa shukrani, ingawa haya haijanitoka, na kwa kweli sijaomba initoke.

Ewe msomaji uliyenivumilia hadi hapa, Mwenyezi Mungu akuafu wewe na walio nyumbani mwako. Akujaalie jirani atakayesema kweli mbele ya watu kwa ajili yako siku ambayo kweli yako mwenyewe haitoshi, na akufanye nawe uwe jirani wa namna hiyo. Amina.